Spea Zilizopumzishwa Mchangani

Tarehe kumi na tisa mwezi wa pili mwaka huu tulimzika Fundi Lopeyok, na siku hiyo nikampoteza mtu pekee niliyekuwa nimebaki kumchukia. Nilipoletewa habari ya kifo chake nilikuwa nimeinama juu ya injini ya mtu. Nilimaliza kukaza nati niliyokuwa nimeshika, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikaketi kwenye benchi. Nilitaka kufurahi. Nilijaribu kabisa, kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Kilichonijia ni harufu ya karakana yake ya zamani, mwaka ule niliokaa pale nikiwapikia mafundi chai: petroli, mandazi, na mchanga uliolowa chini ya mtungi wa maji. Nitaandika mwaka huo, kisha nitaandika mazishi, kwa maana kwangu ni jambo moja, na sijui kulieleza nusu nusu.

Kaka yangu Ekal alikufa mvua za mwisho wa mwaka, kaunti yetu ikiwa bado changa, siku zile ambapo kila mtu mjini Isiolo alikuwa na binamu anayengojea tenda. Ekal alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli. Alipeleka unga na sukari Gotu, akarudi mjini na akina mama wa maziwa ya ngamia. Wiki ile gari lilikuwa linazimika njiani, akalipeleka kwa Lopeyok. Lopeyok akalifunga moduli nyingine, kile kisanduku kidogo kinachoiambia koili lini itoe cheche, akamwambia aende hata Moyale akitaka. Siku hiyo hiyo, katikati ya laga iliyo kabla ya Gotu, gari likazima. Laga ni mto wa mchanga. Hauna maji mpaka mvua inyeshe milimani, na mvua ikinyesha maji hayapigi hodi. Ekal aliwashusha abiria wote, akawaambia wavuke kwa miguu. Yeye akabaki, amefungua boneti, akingojea injini ipoe. Tulimkuta chini sana, kwenye mizizi ya mgunga.

Kwenye mazishi Lopeyok alikuja na sukari ya chai, akapewa nafasi ya kusema. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya polepole, na watu walimheshimu kwa sababu alikuwa wa kwanza kwetu kufungua karakana mjini. Akasema, "Mimi nilimpa huyu kijana gari ikiwa nzima. Nilimwambia, usiingie maji. Akaingiza maji kwa distributa, huko cheche hugawanywa. Vijana wa siku hizi hawasikii, wazazi wenzangu." Mzee Ekidor, mzee wa kanisa letu, akaitikia, "Fundi amesema." Basi ikawa hivyo. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, jina la kaka yangu lilikuwa limegeuka kuwa la kuonyea watoto. Nilimsikia mwanamke akimwambia mwanawe anayechezea bomba, "Wewe, utakufa kama Ekal, kichwa ngumu." Mama yangu alisikia pia. Aliendelea kupepeta mahindi. Mimi nikaamua kwamba Lopeyok atalirudisha lile jina kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wale wale, na kama hataki, nitamnyang'anya kila kitu ambacho huo mdomo ulikuwa unakula.

Aliyenionyesha kwamba kulikuwa na kitu cha kudai ni Halima, mama wa Kiborana aliyekuwa ndani ya lile pikapu na mitungi yake mitupu ya maziwa. Alikuja kutupa pole matanga yakiwa yameisha, akaketi nje na mama, akanywa chai. Alipokuwa anaondoka alinishika mkono. "Intala," akaniita, ndivyo wanavyomwita msichana kwao, "gari ilikufa kwanza. Maji ilikuja baadaye. Wallahi mimi nilivuka na kiatu kavu." Nikamuuliza kama amewaambia watu. "Nimeambia. Wanaume walisema, mama, wewe jua maziwa, gari wachia fundi." Nilipohamia mjini, Halima ndiye aliyenipa mahali pa kulala mtaa wa Wabera, kwenye chumba chake cha mabati kilichonuka moshi ule wanaofukizia vyombo vya maziwa. Kulikuwa na kitanda kimoja, mikeka miwili, vibuyu vimetundikwa ukutani kwa mikanda ya ngozi, na redio iliyosema Kiborana asubuhi na Kiswahili jioni. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu. Alipoamka kuswali mimi nilikuwa nawasha jiko. Hatukuwahi kukosana, ila siku moja alipoona ninavyokata vitunguu akauliza, "Hiyo kitunguu ndiyo Lopeyok?"

Kazi ya chai kwenye karakana ya Lopeyok niliiomba mwenyewe, na alinipa kwa sababu alinijua. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. "Huyu ni binti yangu," aliwaambia wateja, "dada ya yule kijana wa laga. Nimesema apate riziki hapa." Wateja wakatikisa vichwa kwa huruma, wakampenda zaidi. Mimi nikamimina chai. Naandika haya nikiwa na umri wa kujua kwamba mtu anaweza kukutendea wema juu ya ubaya wake na asione mahali viwili hivyo vinapogusana. Wakati ule sikujua. Nilidhani anafanya makusudi kunikebehi, na kila kikombe nilichompa nilikiangalia kikienda mdomoni nikisema moyoni, kunywa, kunywa tu. Sikutia kitu. Chai yangu ilikuwa nzuri, na tangawizi. Nilitaka awe mzima siku yangu ikifika.

Karakana ilikuwa uwanja uliozungushwa mabati, udongo wake mweusi kwa oili hata mvua ikinyesha maji yanakaa juu yake kama machozi kwenye plastiki. Upande mmoja kulikuwa na kivuli cha makuti na magunia, na chini ya kivuli mtungi mkubwa wa maji umekalia rundo la mchanga. Mtungi ulitoa jasho mchana kutwa na mchanga ukawa baridi daima. Ndani ya mchanga huo ndimo Lopeyok alimopumzisha spea. Alikuwa amekulia nyuma ya ngamia kabla hajajua spana, na aliliangalia gari kwa macho yale yale. Moduli au koili iliyokufa ndani ya gari la mtu aliitoa, akaifunga kwa karatasi ya nailoni, akaizika chini ya mtungi. "Ngamia akilala chini humpigi," aliwaambia mafundi. "Unamtoa mzigo, unampa kivuli. Ataamka." Na kweli, baada ya muda alizifukua, akazijaribu, zikatoa cheche. Alifurahi kama mtu aliyeona ndama akisimama. Halafu akaja kwenye jiko langu na msumari, akauchoma mpaka ukawa mwekundu, akapiga chapa kwenye plastiki ya spea: mstari mmoja na nukta mbili, chapa ile ile ya ngamia wa baba yake. Kila iliyopumzishwa ilipata chapa, ili mteja asije siku moja na spea ya mtu mwingine akisema ni ya Lopeyok. Kisha akamfungia mteja anayefuata. Makaa yalikuwa yangu. Nilimpulizia moto mwenyewe.

Kati ya mafundi wake, wa nyaya alikuwa Kinoti, Mmeru mwembamba ambaye shavu lake moja lilikuwa limejaa miraa kila alasiri. Alipenda kusema kazi yake kwa sauti, na mafundi wengine walikuwa wamechoka kumsikiliza, kwa hiyo akanisemea mimi. Nilikuwa nimefika kidato cha pili tu, lakini nilijua kushika tochi pale mtu anapotaka mwangaza, na hiyo si elimu ndogo. "Kuja hapa, Akai, wacha hiyo mandazi iungue. Gari imekataa kuwaka. Unaanza wapi?" Nikisema betri, anasema vizuri. Nikisema mafuta, anasema vizuri. "Sasa toa hii waya mnene ya katikati, songeza karibu na chuma, mwambie mtu apige stata. Umeona? Ya bluu, inalia ta ta ta. Hiyo ni mzima. Ikiwa rangi ya chungwa ni mgonjwa. Ikikosa kabisa usikimbie dukani kununua koili kama watu wa hapa." Akanionyesha taa ya kupimia, kama bisibisi yenye balbu ndani, akaigusisha kwenye negativu ya koili. "Injini ikizungushwa, hii taa inafaa kumetameta. Ikimetameta na cheche hakuna, koili ndiyo imekufa. Ikikaa tu inawaka bila kupepesa, koili haina makosa, haijaambiwa kitu. Tafuta moduli." Alinifundisha pia kupima koili kwa mita, ncha mbili ndogo kwanza, namba inakuwa karibu na sifuri, halafu ncha ndogo na lile tundu la katikati, namba inapanda maelfu. "Koili ni mama wa nyumba," alisema. "Moduli ni bwana. Kazi yake ni kufungua mlango na kufunga, lakini ukimuuliza, yeye ndiye analisha watu." Mafundi walicheka. Lopeyok alicheka pia, kutoka kwenye kiti chake cha gari kilichowekwa juu ya matofali.

Kinoti alikuwa na ubao wake wa kupimia. Alikuwa amepigilia juu yake distributa kuukuu, koili, plagi moja na waya za kwenda kwenye betri. Ukiunganisha moduli ya mtu na kuzungusha distributa kwa vidole, cheche inaruka kwenye plagi kila jino la distributa linapopita. Mchana mmoja wa joto kali aliletewa gari la mwalimu lililokuwa linazima njiani kisha linawaka lenyewe. Moduli ikawekwa kwenye ubao, ikatoa cheche nzuri za bluu. Lopeyok akasema ni nzima, tafuta kwa kabureta. Kinoti akangoja mzee aende kula, akaniambia nilete mfuniko wa sufuria. Akaulaza juu ya jiko langu, moto ukiwa umekaribia kufa, akaweka moduli juu yake na waya ndefu mpaka kwenye ubao. "Weka kidole," akasema. "Ukiweza kuvumilia ndio joto ya injini. Ukishindwa umezidisha, unaua kitu mzima." Nikaweka kidole. Nikavumilia. Yeye akazungusha. Cheche, cheche, kisha cheche moja nyembamba, kisha hakuna. Akaizungusha tena na tena, hakuna. Akaitoa, akaiweka kivulini juu ya mchanga, tukanywa chai. Akazungusha. Bluu. "Kitu ya stima ni kama mlevi," akasema. "Asubuhi ukimpima yuko sawa, anasalimia watu. Mpime saa nane." Niliangalia ule mchanga chini ya mtungi. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Pasaka nilikwenda nyumbani. Pikapu la Ekal lilikuwa limevutwa kwa lori mpaka kwetu, limekaa nyuma ya boma, mchanga wa laga bado umejaa ndani hadi kwenye usukani. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti chake. Nilifungua boneti kwa jiwe, nikakuna tope kutoka kwenye ubavu wa distributa, nikaona. Mstari mmoja, nukta mbili. Sikulia. Nilikwenda jikoni kuchukua kisu cha mama, nikafungua skrubu kwa ncha yake, nikaifunga moduli kwenye pindo la leso. Moduli zile zimezibwa ndani kwa gundi ngumu, maji hayaingii; mafuriko yaliyobeba mtu mzima yalikuwa yamekiacha kile kidude kama kilivyokuwa. Mama alinikuta. "Unabomoa nini ya ndugu yako?" Nikamwambia nimepata iliyomuua. Aliangalia leso yangu. "Ndogo hivyo," akasema.

Niliirudisha Isiolo na sikuharakisha. Niliisubiri siku ya mnada, Jumamosi, wakati watu wa kwetu wanaokuja kuuza mbuzi hupita karakanani kwa Lopeyok kunywa chai na kusikia habari. Jumamosi niliyoichagua Mzee Ekidor alikuwepo, na Halima nilikuwa nimemwomba aje na maziwa yake. Walijaa kivulini, wakila mandazi na kubishana juu ya bei na juu ya barabara ya lami. Nikaenda mbele ya kiti cha Lopeyok, nikampa moduli kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mzee kitu. "Baba, naomba unipimie hii." Aliigeuza, akaona chapa, akafurahi. "Hii ni yangu. Umetoa wapi?" Nikasema ni ya mtu wa nyumbani. Akaiunganisha kwenye ubao mwenyewe, akazungusha, cheche zikaruka bluu, watu wakasema aah. "Nzima," akasema. "Spea yangu haifi." Nikamuuliza tena kwa sauti, ili Ekidor asikie: ungeifunga kwa gari yako? "Hata leo." Ndipo nikasema, "Ni ya Ekal. Nimeitoa kwa gari yake."

Hapo nikaanza. Nilikuwa nimeweka mfuniko juu ya jiko mapema. Nililaza moduli, nikaweka kidole changu juu yake wote wakiona, nikakiacha. Kinoti alizungusha distributa bila kuombwa. Cheche zikaja, zikapungua, zikakoma. Nikawaambia, hivi ndivyo ilivyofanya kwenye laga. Gari lilizima kabla ya maji. Halima akasema kutoka nyuma, "Nilisema! Kiatu kavu!" Nilimwangalia Lopeyok nikingojea. Nilikuwa nimeota sura yake ya dakika hiyo tangu mazishi. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa kitambo kidogo nadhani alielewa. Kisha akainua uso, akatabasamu, akawageukia watu. "Watu wangu, mmeona? Amepika moduli kwa jiko! Kitu gani hakifi ukikipika? Hata mimi mkiniweka kwa makaa nitanyamaza." Wakaangua kicheko. Mzee Ekidor alicheka mpaka akafuta macho. "Msichana wa chai," akasema, "sasa anapika hata spea." Lopeyok akaongeza kwa sauti ya upole, ile sauti yake ya makaburini, "Ni majonzi. Mwacheni. Na hii moduli imechoka tu, binti yangu. Lete niipumzishe." Akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeshaitia kwenye leso.

Hakudanganya aliposema imechoka. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi, nikiwa nimelala na nikiwa kazini, na nimefika mahali pa kukubali kwamba aliliamini. Aliamini kivuli kinaponya nyaya. Hilo ningeweza, labda, siku moja, kulisamehe. Lakini kile kitambo kidogo ambacho kichwa chake kilikuwa kimeinama nilikiona kwa macho yangu. Alielewa, kisha akachagua kicheko. Mambo hayo mawili ni tofauti, na la pili sijalisamehe mpaka leo ninapoandika.

Baada ya wiki chache alimpelekea mama yangu mbuzi wawili, bila maneno, kupitia kwa kijana wa mnada. Mama aliwapokea. Nilipofika nyumbani mmoja alikuwa tayari kwenye sufuria, na mama alinitengea ini, sehemu aliyokuwa akimtengea Ekal. "Kula," akasema. "Huyu mbuzi hakufanya kitu." Sikula. Nilikunywa chai ya rangi, nikamtazama mama yangu akitafuna polepole kwa upande wenye meno, na kanisani Jumapili nikamsikia Mzee Ekidor akihubiri juu ya kusamehe, akiniangalia. Nilimwangalia pia, mpaka akahamisha macho.

Niliacha kazi ya Lopeyok nikahamishia jiko langu ng'ambo ya barabara, mbele ya lango lake kabisa. Niliuza chai, na kwa anayetaka nilimpimia. Dereva akitoka kwa Lopeyok na spea mkononi nilimwita, "Kaka, njoo uone kitu." Mfuniko, kidole, ubao mdogo niliojitengenezea kwa kumuiga Kinoti. Madereva wa mjini hawakucheka. Dereva aliyewahi kungoja gari lipoe peke yake barabara ya Garba Tulla hacheki. Waliangalia cheche zikikoma, wakageuza spea wakaona mstari na nukta mbili, wakavuka barabara kurudi. Nilisikia kelele. Nilisikia Lopeyok akiapa. Nilipuliza makaa. Kila siku, mwaka ule wote, isipokuwa Jumapili. Kinoti alihama akaja upande wangu na ubao wake mkubwa, akaniambia, "Wewe mwanamke ni mbaya. Sogeza benchi." Mafundi wengine wakatawanyika. Lopeyok akauza winchi ya kuinulia injini, kisha mabati ya upande wa barabara, na mabati yalipotoka tukawa tunaonana moja kwa moja, yeye kwenye kiti chake cha gari, mimi kwenye jiko langu. Angeweza kuuvunja ule mchezo kwa kusimama kanisani kwetu na kusema maneno machache. Nilimtumia habari hiyo mara mbili kupitia kwa Halima. Mara ya pili Halima alirudi akavua viatu mlangoni, akaketi. "Anasema hakuna kitu ya kusema." Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza tena, kivuli cha makuti kilianguka juu ya mtungi wake na hakuna mtu aliyekiinua. Mwaka wangu ule uliishia hapo. Nilikuwa nimeshinda mjini. Nyumbani, Ekal alibaki kuwa yule aliyeingiza maji.

Sasa mazishi. Samweli, mwana mkubwa wa Lopeyok, alikuja mwenyewe kwenye karakana yangu, iliyokua kutoka kwenye lile jiko la chai. "Shangazi Akai, mama anasema uje. Ulikula kwetu." Nilikwenda. Nilitaka kusikia watakavyomsema. Jeneza la kwenda kuzikwa nyumbani lilipakiwa kwenye pikapu ya marehemu, ya petroli, kuukuu, kitu pekee alichobaki nacho, na mimi nikapanda nyuma pamoja na wanawake na mkoba wangu wa kazi, kwa maana siendi popote bila huo mkoba. Mzee Ekidor, amezeeka, alikaa mbele na Samweli. Gari jingine la waombolezaji lilitufuata. Jua lilikuwa kali kweli. Tulipoingia katika laga ile kabla ya Gotu, magurudumu yakiwa katikati ya mchanga mkavu, gari likakohoa, likazima.

Mtu mmoja akasema, "Yesu." Samweli akapiga stata, akapiga tena. Nilishuka, nikafungua boneti. Nilikuwa najua kabla sijaangalia. Ubavuni mwa distributa, mstari mmoja, nukta mbili. Alikuwa amejifungia mwenyewe spea yake iliyopumzishwa. Niliangalia upande wa milima ya Nyambene. Kulikuwa kweupe, hakuna hata wingu. Sijui ningefanya nini kama kungekuwa na mawingu, na sitaki kuongopa hapa. Samweli alikuja akasimama kando yangu, jasho likimtiririka kwenye shati la mazishi. "Ni koili, shangazi?" Nikampa taa ya kupimia, nikamwonyesha pa kuigusisha. Nikamwambia binamu yake mmoja apige stata. "Inametameta?" nikauliza. "Hapana. Imekaa tu." Nikamwambia aseme kwa nguvu, watu wasikie. "Haimetameti!" akapaza sauti. Watu walikuwa wameshuka wote, wametuzunguka, wanajikinga jua kwa leso na vitabu vya nyimbo.

"Kuna maji hapa?" nikawauliza. Waliangalia mchanga. "Mzee Ekidor, kuna maji?" Akasema hakuna. "Kuna jiko?" Akatikisa kichwa. Nikamwambia Samweli aguse moduli. Akaigusa akaondoa mkono. Nikawaambia tungoje ipoe. Walikaa kwenye ukingo, palipo na kivuli chembamba cha mgunga, na jeneza likabaki juani katikati ya laga. Mhubiri alianzisha wimbo, ukafa. Mjane wa Lopeyok alikuwa ananiangalia tangu mwanzo. Alikuwa mwanamke mtulivu, sikuwahi kumsikia akisema karakanani. Moduli mpya, nzima, niliyoipima kwa moto mimi mwenyewe, ilikuwa ndani ya mkoba wangu muda wote huo. Kuifunga si kazi ya hata kunywa kikombe cha chai. Sikuitoa.

Nilipoona imetosha nilimwita Samweli arudi na taa. Stata ikapigwa. "Inametameta," akasema, na safari hii sikumwomba apaze sauti, aliipaza mwenyewe. Injini ikawaka. Mzee Ekidor alikuwa amesimama karibu na gurudumu, mkono kwenye bati la gari. Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "Kumbe Ekal hakuingiza maji." Mwanamke mmoja nyuma yake akarudia kwa wa nyuma yake, na wa nyuma akarudia. Mjane alipanda gari, akajifunika leso usoni. Nilipanda nikakaa karibu na jeneza. Bati lake la jina lilikuwa moto hata haligusiki.

Kaburini, watu wakihangaika na kamba za kuteremshia, nilifungua boneti tena nikabadilisha moduli, nikafunga ile nzuri, kwa sababu kulikuwa na watoto wa kurudishwa mjini. Ile ya chapa ilikuwa bado na joto. Zamu yangu ya udongo ilipofika niliinama, nikachota konzi ya mchanga nikiwa na moduli hiyo ndani ya kiganja, nikaviachia vyote pamoja. Udongo haukutoa sauti. Moduli iligonga mbao. Samweli, aliyekuwa upande wa pili wa kaburi, alisikia, akaangalia chini, kisha akaniangalia mimi. Akachukua sepetu, akaanza kufukia.